Nyoka Ana Stima, Dawa Haina

Kuna nyoka anayebeba jina la nchi yangu ambaye usiku wa leo, stima ya Mandera ikiwa imepotea tena, atalala kwenye droo ya plastiki huko Marekani au Ujerumani, tumbo lake likiwa juu ya joto la nyuzi 33. Si 29, si 38. Joto likizidi kidogo, kuna kidude kinachokata umeme. Likipungua, kinaurudisha. Ni hivyo usiku kucha, mwaka mzima, kwa miaka kumi na zaidi, maana nyoka huyu akitunzwa huishi sana. Na usiku huo huo, kwenye zahanati moja huku kwetu, friji ambayo ingehifadhi dawa ya kuumwa na nyoka itakuwa imezimika, au itakuwa inanguruma vizuri tu na ndani hamna hata chupa moja ya dawa hiyo.

Nyoka ana stima, dawa haina. Ukitaka kuacha kusoma hapa, umeshalipata neno langu. Ukibaki, nitakueleza kwa nini nalichukulia kuwa ni uamuzi wa watu na si bahati mbaya ya jangwa.

Mimi naandika kwa kulipwa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikarudi Mandera na laptopu iliyopasuka kona, na tangu hapo wateja wangu ni watu wa mbali wasionijua kwa sura. Nimewaandikia kuhusu magodoro, bima ya paka, namna ya kuchagua mashine ya kukata nyasi. Nyasi! Mandera! Kisha mmoja akataka maneno 1,500 juu ya kupasha joto rafu ya nyoka unayojitengenezea nyumbani. Nyoka mwenyewe kwa Kiingereza anaitwa boa wa mchanga wa Kenya. Wanasayansi wanamwita Eryx colubrinus, na wa kwanza kuandikwa kitabuni, na Linnaeus mwaka 1758, alitoka Misri, kwa hiyo hata ukenya wake ulikuja baadaye sokoni. Lakini huku kaskazini mwa Kenya yupo, amejaa, na kwa makala haya nitamwita chatu-mchanga.

Ukimwona utamjua. Mnene kama mpini wa jembe, mfupi, jike mara nyingi hafiki mita moja na dume ni mdogo zaidi. Rangi ya machungwa au manjano iliyopakwa mabaka ya kahawia, tumbo jeupe, mkia butu, macho madogo yaliyokaa juu ya kichwa ili aweze kujizika mchangani na kuchungulia. Hana sumu. Hatagi, huzaa. Chakula chake ni panya na vijidudu wengine wa aina hiyo, ambao huwavizia akiwa amefukiwa na kuwabana mpaka wafe. Kwa kifupi, ni mlinzi wa ghala asiyedai mshahara.

Sasa kuhusu ile rafu. Wafugaji wa kule wenye nyoka kumi au hamsini hawamweki kila mmoja kwenye tangi lake la kioo. Wanapiga mbao kama kabati la droo, wanachomeka makasha ya plastiki ya kuhifadhia nguo, na nafasi kati ya kasha na ubao wa juu wanaiacha nyembamba mno, kwa sababu ubao ndio kifuniko. Ukikosea kwa milimita chache, asubuhi utamtafuta nyoka nyuma ya friji. Matundu ya hewa wanayatoboa kwa chuma cha moto. Nyuma ya rafu, au chini ya sehemu ya nyuma ya kila kasha, wanapitisha utepe wa joto, kitu chembamba kama karatasi ya plastiki chenye mistari ya kaboni ndani, ambacho umeme ukipita kinapata moto. Wazo lenyewe ni kwamba kasha liwe na pande mbili, nyuma joto la nyuzi 32 mpaka 35, mbele 25 au 26, na nyoka ajichagulie.

Kwa nini ajichagulie? Kwa sababu nyoka hana jiko ndani ya mwili kama mimi na wewe. Joto lake analitafuta nje. Akila panya na akakosa joto, panya anamwozea tumboni na atamtapika. Akikosa upande wa baridi, anaiva akiwa hai. Na jambo ambalo lilinishangaza nilipokuwa nasoma ili niandike ile kazi ni kwamba nyoka anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza asiondoke. Tumbo linababuka naye ametulia. Ndiyo maana utepe wa joto haufungwi moja kwa moja kwenye soketi, kwani bila kidhibiti unaweza kupita nyuzi 50 na kuunguza nyoka, plastiki, na wakati mwingine nyumba nzima. Lazima pawe na themostati, na kihisi chake lazima kikae palepale kati ya utepe na kasha, si kining'inie hewani mahali popote. Kihisi kikichomoka, themostati inadhani kuna baridi na inaendelea kumwaga moto. Kwa hiyo wafugaji makini wanaweka kipimajoto cha pili, cha kumchunga yule wa kwanza.

Walahi, nilivutiwa. Sipendi droo zenyewe. Najua watetezi wake wanasema chatu-mchanga hupenda kujificha na hahitaji uwanja wa mpira, lakini kiumbe kukaa maisha yake yote mahali anapoweza kupagusa ncha hadi ncha, hapo bado sijashawishika. Ila ule umakini niliuheshimu. Mtu amekaa na kujiuliza, kiumbe huyu anahitaji nyuzi ngapi, wapi, saa ngapi, na kitu gani kitaharibika kwanza? Halafu akaweka kinga ya kinga. Hayo maswali manne, hebu niambie ni nani amewahi kuyauliza Mandera kuhusu mtu aliyeumwa na nyoka.

Niliandika kazi ile nikiwa chumbani chini ya mabati, saa nane mchana, mwezi wa tatu. Nje ilikuwa nyuzi 37 na ndani sikutaka kujua. Yaani mimi nimekaa ndani ya kile wanachokitafuta kwa utepe na themostati. Ukijenga rafu ya chatu-mchanga Mandera, tatizo lako halitakuwa kupasha joto. Utahangaika kupoza. Utaiweka chini kabisa, sakafuni, mbali na bati, ukutani upande usiopigwa na jua la jioni, na utepe wa joto utabaki kwenye boksi lake. Tunacho bure kile wanachokilipia kila mwezi. (Na kabla hujaanza kupiga mbao, jua kwamba Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha kufuga mnyama wa porini, hata huyu asiye na sumu aliye chini ya kuni za mama yako.)

Nisieleweke vibaya. Sisemi tuanze biashara ya droo. Ninachodai ni elimu ile ya joto, kwa sababu ile ile inayomfanya mfugaji wa Ujerumani apate nyoka aliyetulia na mwenye afya ndiyo ingemfanya mchunga mbuzi wa Banissa asiumwe.

Chukua mambo machache tu. Nyoka hafuati saa, anafuata joto. Mchana wa kwetu ardhi inachoma hata yeye, kwa hiyo anatafuta palipo na kivuli na unyevu kidogo, yaani chini ya mitungi ya maji, ndani ya lundo la kuni, chini ya gunia, nyuma ya tangi. Ni palepale mama anapopeleka mkono bila kuangalia. Jua likizama, mchanga unapoa upesi lakini mawe, saruji na lami vinabaki na joto lake, na hapo ndipo nyoka anapokuja kulaza tumbo. Ni utepe wa joto wa Mungu, nao umepita katikati ya njia yetu. Saa moja jioni ndiyo saa ya kurudisha mifugo, kwenda msikitini, kwenda choo, na tunakwenda na ndala bila tochi. Moma amelala hapo, rangi yake ni rangi ya ardhi, na tabia yake si kukimbia. Anategemea asionekane, na mguu ukitua karibu anauma. Kuna mwingine mdogo zaidi, mwenye magamba ya msumeno, ambaye akikasirika hujikunja nusu duara na kujisugua mwenyewe mpaka unasikia sauti kama mafuta kwenye kikaango. Sumu yake inaharibu kuganda kwa damu. Na kuna swila mwekundu, anayetema machoni. Huyo dawa yake ya kwanza ni maji safi mengi, mara moja, na kama kuna mtu alishakwambia maziwa au mkojo, sasa umesikia tofauti.

Elimu hii ingeenea kwa gharama ya nini? Chaki. Muda wa somo moja la sayansi. Mimi nilisoma shule Mandera miaka kumi na miwili na nyoka niliyefundishwa alikuwa mchoro, mishale ikionyesha ini na pafu. Hakuna aliyetuambia yupi wa kumkwepa na yupi wa kumwacha. Kwa hiyo tuna kanuni moja tu, inayorithiwa: mas ni mas. Nyoka ni nyoka, ua. Na kwa kuwa chatu-mchanga ni mnene, ana mabaka, na hana haraka, yeye ndiye anayekufa kwa urahisi kuliko wote, huku wale wa hatari wakiwa wameshajificha. Tunamuua mla panya, panya wanazidi, na panya ndio wanaomwita yule mwenye sumu mpaka ndani ya nyumba.

Wazee wetu hawakosi akili, nisije nikaonekana nawadharau. Abti yangu anaweza kutazama alama mchangani na kukwambia ni ngamia wa nani na amepita lini. Lakini kuhusu nyoka naye hurudia ileile, ua. Nadhani si ujinga. Mtu anayeishi siku mbili kutoka kwa dawa hana nafasi ya kubagua. Ukijua kwamba ukiumwa hakuna wa kukusaidia, kila kamba gizani ni adui. Kukosekana kwa dawa ndiko kunakozaa kanuni hiyo, na huwezi kumhubiria mtu ahifadhi wanyamapori wakati hujamhifadhi yeye.

Mtoto wa huyo abti yangu aliumwa mwaka juzi. Ana miaka 14. Alikuwa anafunga mbuzi jioni, mguu wa kushoto, juu kidogo ya kisigino. Walimfunga kamba kwa nguvu, wakamchanja kwa wembe, wakaweka jiwe jeusi, wakasoma Kurani, na asubuhi wakapata gari. Sitaitaja zahanati. Muuguzi alikuwepo, mtu mzuri, alifungua ile kamba polepole na akatwambia bila kuficha kwamba tangu aletwe hapo hajawahi kuona dawa ya nyoka. Nikauliza kwa nini. Akasema jibu analopewa ni kwamba dawa ile inataka baridi na stima ya huku si ya kuaminika. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na friji ya chanjo. Nyeupe, safi, waya wake ukipanda mpaka kwenye sola juu ya paa. Kwenye mlango wake kulikuwa na karatasi ya kurekodi joto, asubuhi na jioni, mwandiko wa kalamu ya bluu: 4, 5, 4, 5, 5.

Kijana alifika hospitali kubwa siku ya pili. Mguu ulikatwa chini ya goti. Sasa anakaa dukani kwa mjomba wake akiuza kredo.

Kwa hiyo hii habari ya "haiwezekani kwa sababu ya joto" mimi siipokei. Dawa za sumu zilizo katika hali ya maji zinataka nyuzi 2 mpaka 8. Chanjo za watoto kwenye zahanati zinataka nyuzi 2 mpaka 8. Ni namba zile zile, na friji ni ile ile. Tena zipo dawa za sumu zilizokaushwa zikawa unga, ambazo hazihitaji friji kabisa, ila zisiachwe kwenye joto kali, na unga huo unachanganywa na maji ya sindano mgonjwa akifika. Chanjo imefika mpaka manyatta ambayo hayana hata barabara kwa sababu kuna mtu aliamua ifike, akaweka sola, akaweka sanduku la baridi begani mwa mtu, akaweka karatasi mlangoni ya kusainiwa mara mbili kwa siku. Ile karatasi ndiyo themostati yetu. Inafanya kazi. Mimi nimeiona ikifanya kazi, mita moja kutoka kwa mguu uliokuwa unaoza.

Watanijibu kwamba dawa ni ghali na haipatikani duniani. Kuna ukweli. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, iliyokuwa ikipambana na sumu za nyoka kumi wa Afrika, mwaka 2014, na chupa za mwisho zikapitwa na muda Juni 2016. Biashara haikulipa, maana wanaoumwa ni watu wasio na pesa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Liliuweka ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Tarehe hiyo hapo ilipo si mbali. Ukiumwa sasa, utaufungia huo mpango kwenye jeraha?

Tena Kenya si nchi isiyojua nyoka. Watamu kuna shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe, linalokusanya sumu na kusaidia walioumwa. Swila mkubwa wa kahawia aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2007 akapewa jina la huyo Ashe. Karen, Nairobi, kuna watafiti wanaofanya kazi ya kupata dawa inayofaa nyoka wa hapa. Hongera kwao, kwa moyo safi. Ila tazama ramani. Watamu ni pwani ya watalii, Karen ni Karen, na kutoka Mandera mpaka Nairobi kwa barabara ni zaidi ya kilomita elfu moja. Elimu imekaa mbali na meno.

Na msiniambie nisubiri Nairobi. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kuendesha hospitali na zahanati, na tangu 2013 hicho kisingizio kimekwisha. Kaunti zinanunua magari. Kaunti zinajenga mageti. Kitu kimoja ambacho kila zahanati ingeweza kuwa nacho kesho ni chupa ndogo ya glasi, safi na kavu. Unaweka damu kidogo ya aliyeumwa, unaiacha imetulia dakika 20, unaiinamisha. Ikiwa bado inamwagika kama maji, sumu imeshaingia kwenye damu na huyo mtu anahitaji dawa na gari upesi. Hakuna mashine, hakuna stima. Ni chupa na saa ya simu. Hata hiyo sikuiona.

Wengine watasema nawachukia hawa wafugaji wa mbali. Siwachukii, na wao si mada yangu. Kule Hamm, Ujerumani, kuna soko la reptilia linalojaza kumbi nzima, watu wakipanga foleni kununua wanyama wa aina ambazo mimi nazifukuza kwa fimbo jikoni. Wafurahie. Yule aliyenunua utepe wa joto na vipimajoto viwili hakuniibia chochote. Amenionyesha tu kwamba kulinda joto mahali pamoja kwa miaka si muujiza. Ni kidude cha bei ya viatu, na mtu anayejali kukiangalia. Ninaowadai ni wale walioko hapa, wanaosaini, ambao wameshapima na kuona mguu wa mtoto wa mfugaji hauna uzito wa droo ya plastiki.

Mteja wangu alilipa, kwa njia. Alifuta aya moja tu, ile niliyoandika kwamba chatu-mchanga porini Mandera hukaa kwenye mchanga chini ya vichaka na kwamba watu wa hapo humwogopa bila sababu. Alisema haimsaidii msomaji. Huenda ni kweli, msomaji wake alitaka kujua utepe wa inchi ngapi.

Bajeti za kaunti hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni, na kabla ya hapo lazima wananchi waitwe watoe maoni. Kwetu maana yake ni hema, viti vya plastiki, chai, na dakika mbili kila mtu. Nimenunua kipimajoto cha mia tatu. Nitakwenda nacho na orodha ya zahanati kuanzia Rhamu mpaka El Wak, na dakika zangu mbili nitauliza moja baada ya nyingine: friji ya hapo sasa hivi inasoma nyuzi ngapi, na nyuma ya chanjo, rafu ya chini, kuna nini?